Mama Kapinga Aliyetujengea Baridi

Ijumaa hii, tarehe 30 Septemba 1988, Citoyenne Kapinga Mbombo, mwananchi mwenzetu na Mkuu wa Majengo wa Hoteli Kyulu, anastaafu baada ya miaka ishirini na moja ya kazi. Alianza tarehe 2 Oktoba 1967 katika biro ya michoro iliyopewa kazi ya kuibuni hoteli yetu, wakati hoteli yenyewe ilikuwa bado uwanja wa majani wenye kichuguu kimoja kikubwa katikati. Anatuacha siku moja kabla ya Oktoba kuingia, na kila mkaaji wa Lubumbashi anaujua mwezi wa Oktoba na joto lake. Sisi tunaobaki tunaona huu ni ukatili kidogo.

Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu huu na kuusoma mbele yenu kwa kuwa nimefanya kazi chini yake miaka kumi. Walidhani namwelewa. Ukweli ni kwamba nimeelewa labda nusu ya maneno yake, na nusu hiyo nayo nina mashaka nayo. Wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Mimi niliambiwa kila siku, na bado.

Citoyenne Kapinga alizaliwa Likasi, kwa wazazi waliotoka Kasai kufuata kazi ya reli. Nyumbani kwao kulikuwa na kabati la mbao ambalo kuta zake zilikuwa za waya, tabaka mbili, na katikati mama yake alijaza makaa. Makaa yale yalimwagiwa maji asubuhi na jioni, upepo ukapita, na nyama ndani ya kabati ilikaa bila kunuka, na bia ya baba nayo ilipoa. Ukimwuliza Mama Kapinga alijifunza wapi kubuni majengo, anakutajia kabati hilo, kisha anarudi kwenye kazi yake kana kwamba amekwisha kueleza kila kitu. Mimi niliwahi kumwuliza nyama na majengo vinahusiana vipi. Alinitazama kwa huruma, akaenda zake.

Aliingia bironi akiwa Simone Kapinga, kijana aliyesoma kuchora kwa masista, na kazi yake ya kwanza ilikuwa kunakili ramani za wakubwa kwenye karatasi ya kalki. Mwaka 1972, majina ya kigeni yalipofutwa, Simone lilibaki nyumbani na Kapinga Mbombo akaja kazini. Mkubwa wake alikuwa mhandisi wa majengo kutoka Ulaya, Bwana Lucien, aliyekuwa amechora hoteli ya ghorofa nane, yote vioo, na kila chumba na klimatizeri yake ya kupoza hewa. Ilikuwa ramani nzuri sana kuitazama. Mwishoni mwa 1973 Bwana Lucien alirudi kwao, mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanguka, na fedha za kigeni za kununulia vioo na mashine zikawa hadithi. Biro ikamkabidhi Citoyenne Kapinga ramani ile na kumwomba aipunguze.

Hakuipunguza. Alijifungia nayo kwa msimu mzima wa mvua, na alipotoka alikuwa na hoteli nyingine mkononi: ghorofa mbili juu ya ile ya chini, kuta nene za matofali ya kuchoma, ua katikati, barza, yaani veranda, kila upande, mabomba manne ya hewa juu ya paa, na kisima cha kukusanya maji ya mvua. Vioo vilibaki vichache na mashine hakuna hata moja. Alipoulizwa mbele ya kamati nzima hii ni hoteli gani, alijibu kwa sentensi ambayo wazee wa biro bado wanairudia: "Miye nataka hoteli yenye haikule muji. Haikule maji yake, haikule courant yake, haikule miti yake." Kamati haikuelewa hoteli inakulaje maji, umeme na miti. Lakini kwa kuwa haikuwa na ramani nyingine wala fedha za kuinunua, iliipitisha.

Waashi ndio waliopata taabu zaidi. Ramani za Mama Kapinga zilijaa mishale. Mishale iliingia chini ya madirisha, ikapita vyumbani, ikapanda ngazi na kutokea juu ya paa, na yeye alidhani kila mtu anaona kuwa huo ni upepo. Kabwe, mkuu wa waashi, mtu wa Kambove anayejua udongo kuliko anavyojua jina la shemeji yake, aliikagua ramani mchana kutwa, kisha akaenda kuuliza kwa adabu: "Mama, hii mishale tutayijenga na matofali ao na beton?" Mama Kapinga hakuwapo, alikuwa amekwenda kutafuta mbao. Kabwe akaamua mwenyewe: matofali, si zege. Ndiyo sababu kwenye ukuta wetu wa mashariki upo mshale mkubwa wa matofali unaoelekeza mbinguni, na ndiyo sababu wageni wapya wanaotafuta mapokezi huonekana wakirandaranda juu ya paa. Mama Kapinga aliporudi alisema ubaki, kwa sababu hewa kweli inapita hapo.

Kabwe na watu wake walifyatua matofali kutoka kwenye kichuguu cha uwanjani, ambacho wenyeji hukiita kyulu. Lakini wafyatuaji wa huku hawamalizi kyulu. Wanachimba, wanachimba, kisha wanaacha kipande cha katikati, na huwezi kuwashawishi kwa hoja wala kwa bia. Ramani ilikuwa imeweka jiko mahali hapo. Mama Kapinga hakugombana nao. Alilisogeza jiko, akakizungushia ua kile kipande, na jina la hoteli likapatikana. Wageni huuliza kama ni kaburi. Wanawake wetu wenye mimba hawaulizi kitu, wanamega udongo kidogo na kwenda nao kazini wakiutafuna. Mama Chomba, mkuu wa dobi, amekimega kwa ajili ya watoto watano, na tunamshukuru kwamba ameishia hao watano, maana kipande chenyewe kilianza kuinama upande.

Jambo jingine lililotuchanganya ni chumba cha kulia, yaani kutokuwapo kwake. Mama Kapinga alisema hakuna sababu ya kupoza chumba kwa nguvu ilhali kivuli kinapatikana bure, ila kinatembea. Kwa hiyo meza zetu zinatembea nacho. Chai ya asubuhi ni barza ya magharibi, bukari, ugali wetu, na samaki wa mchana ni ukumbini, na jioni meza ziko mashariki. Kila mhudumu mpya amewahi kupeleka sahani ya sombe, yale majani ya muhogo, mahali ambapo watu walikuwa saa mbili zilizopita. Maji ya kufulia yanakwenda kwenye bustani ya lengalenga, mchicha wetu, na lengalenga inarudi kwenye meza, kama mhudumu atazipata.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wenu hamlijui, na ninawaomba mkae vizuri kwenye viti.

Mwaka 1977, hoteli ikiwa karibu kufunguliwa, ilitangazwa kwamba wajumbe wa Chama kutoka Kinshasa watalala kwetu. Akatangulia mtu wa itifaki kukagua. Aliingia vyumbani, akakuta baridi nzuri, akajifuta jasho la njiani, kisha akauliza klimatizeri ziko wapi. Alipoambiwa hakuna, alisema wakubwa hawawezi kulala katika nyumba isiyo na klimatizeri, kwa sababu hiyo ni dharau. Akaambiwa mbona wewe mwenyewe umesikia baridi. Akasema hilo si swali, swali ni heshima. Fedha za kigeni hazikuwepo na siku zilikuwa chache.

Mama Kapinga alikwenda kwenye uwanja wa vyuma chakavu, akapata maganda ya klimatizeri zilizokufa, zilizokuwa zimetolewa katika majumba ya kifahari ya mtaa wa Golf. Yalikuwa masanduku matupu ya chuma yenye vifungo vya kuzungusha mbele. Akayapaka rangi, akayabandika moja kila chumba mbele ya tundu ambalo hewa huingilia, na ndani yake akapanga mkeka wa katani na wavu uliojaa vipande vya makaa vinavyobaki chini ya magunia ya wauzaji. Ukimwagia maji kwa nje asubuhi na jioni, upepo unapita, mabomba ya paa yanauvuta, na chumba kinapoa. Lilikuwa kabati la mama yake, ila safari hii nyama ni sisi. Wajumbe walilala, wakaamka wakisifu mashine.

Kwa kuwa sasa hoteli ilikuwa na klimatizeri, kanuni ilidai iwe na fundi wa klimatizeri. Ndivyo nilivyoajiriwa mimi. Nilikuja mwaka 1978 na sanduku langu la vyombo, nimesomea kompresa, gesi na nyaya, kijana mwenye furaha. Nilifungua mashine ya kwanza nikakuta makaa. Nikafungua ya pili. Baada ya ya tano nilikaa sakafuni nikidhani wezi wametangulia. Nilikimbia kumwambia Mama Kapinga kwamba motor zote zimeibwa. Akaniuliza: "Iko inatoa baridi ao haitoe?" Nikasema inatoa, Mama. "Basi, ile njo machine." Kisha akanipa arrosoir, lile debe la kumwagilia maua.

Nilimwuliza kwa nini hatuwaambii watu. Alisema hoteli imekwisha kuandikwa huko juu kuwa ina klimatizeri, na mkubwa hapendi kuambiwa kwamba alilala ndani ya kabati la nyama. "Siku nitatoka, utasema. Mbele ya ile, hapana." Tukawa watatu tunaojua: yeye, mimi, na Mama Chomba anayetupatia maji. Nanyi wengine mliponiona na arrosoir kila alfajiri mkanicheka kwamba fundi mzima anamwagilia ukuta, sasa mmejua.

Kuhusu wageni, ningeweza kuandika mpaka kesho. Bwana mmoja alilalamika kwamba mashine yake inapiga kelele usiku. Walikuwa ndege wamejenga ndani. Niliwahamisha, nikazungusha kifungo kutoka mbili kwenda moja, naye akanishukuru kwa ufundi wangu. Mwingine alishikwa na mafua akaishtaki mashine. Mfanyabiashara wa samaki wakavu kutoka Pweto alitaka kununua aina hiyo hiyo kwa ghala lake na akanisihi nimwandikie jina la kiwanda. Katika kitabu cha wageni mashine zetu zimesifiwa karibu kila ukurasa. Jengo halijasifiwa hata mara moja. Nilimwonyesha Mama Kapinga kurasa hizo nikidhani atacheka. Alisoma, akakifunga kitabu, akasema ni vizuri watu wamelala. Lakini niliona kwamba limemwuma.

Mwezi wa Julai mwaka huu yalifika kituo cha reli masanduku ya klimatizeri za kweli, mpya, zenye motor. Mkurugenzi wetu, Citoyen Ngosa, ambaye alikuja mwaka 1979 na anaipenda hoteli hii kama shamba lake, alitangaza kwa furaha kwamba mashine za zamani zimechoka na zinastahili kupumzika pamoja na Mama Kapinga. Zitang'olewa tarehe mosi Oktoba. Matundu yatazibwa, na mabomba ya paani yatajazwa sementi ili baridi mpya isitoroke.

Mimi niliposikia, moyo wangu ulikwenda pande mbili. Miaka kumi sijagusa kompresa, na mikono iliniwasha. Lakini nilijua kwamba sementi ikimwagwa katika mabomba yale, nyumba aliyoitumikia maisha yake ya kazi itakufa, na atatoka getini akiiacha maiti nyuma yake. Mama Kapinga mwenyewe alikuwa akizunguka barzani akigusa kuta kwa kiganja, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Nilimsihi aende kumweleza Mkurugenzi. Alikataa. Alisema kumweleza ni kumwambia mtu mzima kwamba miaka tisa amekuwa akizungusha kifungo cha sanduku tupu, tena mwaka ambao Mkoa umemsifu. Aliomba jambo moja tu: kwamba kazi ianze mapema, na ianze na biro ya Mkurugenzi, kama heshima. Citoyen Ngosa alifurahi sana.

Katikati ya mwezi huu, joto likiwa limekwisha kuanza, niling'oa sanduku la biro, nikaziba tundu, nikafunga bomba la upande ule kwa mbao na magunia wakati tukingoja sementi, na nikaweka mashine mpya. Iliunguruma. Sitaficha kwamba nilisikia raha, nilisimama mbele yake kama baba wa harusi. Kisha jikoni wakawasha tanuri na fyuzi zikakatika. Waya za nyumba hii zilipangwa kwa ajili ya taa tu, kwani mwenye kupanga hakutaka ile courant ya mji. Nilirudisha, zikakatika. Nilirudisha tena. Na kila zilipokatika, chumba kilichozibwa matundu yote kikawa tanuri la pili, na Citoyen Ngosa ndani, amefunga abakosti yake, lile koti rasmi lisilo na tai, mpaka shingoni.

Siku ya pili alitoka na karatasi zake, akakaa barza ya magharibi. Wahudumu wakamwekea uma. Jua lilipogeuka meza zikahama, naye akahama nazo, ukumbini, kisha mashariki, na kila alipofika akawekewa uma mwingine. Ndani ya siku tatu alikuwa ameizunguka hoteli yote kama Mama Kapinga alivyoichora, bila kujua. Siku ya nne aliniita. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa: "Munirudishie machine yangu ya zamani."

Nikatoa mpya, nikafungua tundu, nikaondoa magunia paani, nikarudisha sanduku tupu. Mama Kapinga alinisaidia, yeye mwenyewe alishika arrosoir upande wa nje. Tuliporudi ndani Citoyen Ngosa alizungusha kifungo mpaka mbili, akakaa, akangoja. Hewa ikaja. Akafumba macho na kusema taratibu: "Bazungu ba zamani balijuaka kutengeneza machine."

Nilimtazama Mama Kapinga. Alijifunika uso kwa kiganja, na sikujua kama ni kicheko au ni kilio. Mpaka leo sijui. Siku hiyo hiyo Mkurugenzi aliagiza masanduku yote ya mashine mpya yapelekwe kwa wengine wanaoyahitaji, na sementi ikatumika kutengeneza ngazi ya dobi. Nyumba ikapona. Shukrani, kama kawaida, zikaenda Ulaya. Tulipokuwa tunateremka ngazi Mama Kapinga aliniambia maneno mawili tu: "Sasa, sema."

Nimesema.

Citoyen Mkurugenzi, wewe ni mtu mwema na unayasikia haya pamoja nasi uani, kwa hiyo nakuomba uvumilivu. Sherehe ikiisha, rudi bironi kwako, vua kifuniko cha mashine yako ya zamani. Hutaona motor. Utaona mkeka, makaa yenye maji, na tundu. Weka mkono wako hapo. Baridi utakayoisikia ina mwenyewe, na jina lake ni Kapinga Mbombo, mtoto wa Likasi, ameketi kiti cha mbele karibu nawe. Na kitabu cha wageni kiko mezani pa mapokezi, na kalamu ipo. Ukurasa wa leo tumeuacha mtupu kwa ajili yako.

Kwako Mama, kwa niaba ya jiko, dobi, bustani, wahudumu waliopotea na wageni walioko paani sasa hivi, tunasema asante. Arrosoir nimeipokea. Kazi yangu bado sijui inaitwaje, ila saa ya kumwagilia naijua, na kesho ni Oktoba. Wende muzuri, Mama, na popote utakapokaa, kivuli kikufuate wewe safari hii.

Citoyen Mumba, fundi wa klimatizeri